Nizifute Hadithi Nilizoandika Ujanani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 43, ninaishi Tabata na ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja mjini. Ninakuandikia juu ya jambo ambalo sijamweleza mtu yeyote, hata mume wangu, kwa kuwa kila nikitaka kulisema sijui nianzie wapi.

Mwaka 1996 mjomba wangu, ambaye alikuwa baharia, alirudi kutoka Uingereza na sanduku la kanda za video. Miongoni mwake zilikuwamo kanda za tamthilia ya zamani ya runinga iitwayo Sapphire & Steel, iliyooneshwa huko kati ya mwaka 1979 na 1982. Ina visa sita tu, vyenye sehemu 34 kwa jumla. Wahusika wakuu ni mwanamke na mwanamume wasio binadamu wa kawaida, ambao hutumwa mahali ambapo Wakati umepasuka na mambo ya kale yanapenya kuja kuwadhuru walio hai. Mtazamaji haelezwi wametoka wapi wala nani anayewatuma. Mimi na kaka yangu tulizitazama kanda zile hadi picha zikaanza kuchuja. Kisa cha mwisho kiliniumiza sana, kwa sababu wawili hao wananaswa katika mgahawa wa kituo cha mafuta, na dirishani hawaoni kitu ila anga tupu yenye nyota. Tamthilia iliishia hapo, na runinga haikuwarudisha tena.

Mwaka 2004, nikiwa chuoni, niligundua katika intaneti kafe moja ya Posta kwamba wako watu wachache sana duniani waliokuwa wakiandika hadithi za kuwaendeleza wahusika hao, kwa mapenzi tu, bila malipo. Nikaanza nami. Nilikuwa nikiandika kwanza kwenye daftari nyumbani, kisha ninalipia saa moja kwa shilingi 500 na kuchapa kwa haraka kabla muda haujaisha. Hadi mwaka 2007 nilikuwa nimeandika hadithi 11 kwa Kiingereza, kwa jina la kubuni, na sidhani kama wasomaji wangu walizidi dazani moja. Hakuna aliyejua kwamba mwandishi alikuwa msichana wa Dar es Salaam.

Hadithi iliyo ndefu kuliko zote inahusu mji huu. Kisa cha pili cha tamthilia kinatokea katika stesheni ya reli iliyoachwa, ambako mzuka wa askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia, aliyeuawa dakika chache baada ya saa ya kusitisha mapigano, unawakusanya wafu wengine wenye kinyongo. Nilipokuja kusoma kwamba huku kwetu vita haikwisha tarehe 11 Novemba 1918, kwa kuwa Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alisalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, nilijiuliza ni wangapi waliobebeshwa mizigo katika siku 14 ambazo Ulaya ilikwisha kushangilia amani. Nikawaleta Sapphire na Steel kwenye stesheni yetu ya Reli ya Kati na katika mitaa ya Kariakoo, na mzuka wangu ukawa mpagazi.

Mpagazi yule sikumbuni, Shangazi. Ni baba yake bibi mzaa mama. Bibi alinisimulia mara moja tu, nikiwa na miaka 14, tukichambua mchele: kwamba yeye akiwa mtoto mdogo huko Matombo, milimani Uluguru, baba yake alichukuliwa mwaka 1917 akabebe mizigo ya vita na hakurudi, na hakuna aliyekuja kuwaambia alifia wapi. Mama yake bibi aliendelea kumwekea chakula chake chini ya kawa kwa miaka mingi. Bibi alifariki mwaka 1999. Maneno yake niliyatia katika hadithi karibu kama alivyoyasema. Hadithi ilipangwa iwe na sura 12. Nilipofika sura ya tisa, pale Sapphire anapomwuliza mpagazi jina lake, nikapata kazi, nikaolewa, nikaacha.

Mwezi uliopita nilipata barua pepe kutoka kwa msomaji wa zamani, mzee wa Uingereza, akinieleza kwa adabu kwamba bado ana zile sura tisa na angependa kujua, kabla hajafa, mpagazi alipatwa na nini. Nikazisoma hadithi zote 11 usiku mmoja. Niliona haya. Kiingereza chake ni cha kujikakamua, na maneno ya mapenzi niliyowapa Sapphire na Steel ni ya mtu ambaye bado hajapenda. Kisha nikafika sura ya saba, penye ile kawa, nikalia hadi alfajiri, nikajiona nimeiba msiba wa bibi na kuwagawia wageni. Sasa binti yangu wa kidato cha tatu ameziona karatasi nilizochapisha na anataka kuzisoma. Mama yangu yu hai, ana miaka 74, anaishi Morogoro, na hajui lolote. Nizifute zote? Nizirekebishe? Niimalize hiyo moja? Na huyo mzee nimjibu nini?

Mwandishi wa Sura Tisa,
Tabata

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kwanza nakuomba jambo moja: usifute kitu mwezi huu. Zichukue hadithi zote 11, uzichapishe kwenye karatasi, uzifunge pamoja na yale madaftari kama bado unayo, na nakala nyingine uiweke mahali tofauti. Hadithi za namna hii hupotea kwa urahisi kuliko vitabu. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, ambako mashabiki wengi walikuwa wameweka kazi zao, na mwaka 2019 ikafuta yaliyokuwamo katika Yahoo Groups, na makundi madogo yaliyokuwa yakiandikiana humo kwa miaka mingi yakapoteza maandishi yao. Tamthilia yenye mamilioni ya wapenzi hustahimili hasara hiyo, kwa kuwa daima yuko mtu mwenye nakala. Kundi la watu 12 halistahimili. Wewe ukifuta hadithi moja kati ya hizo, huenda umeifuta duniani, isipokuwa kwa huyo mzee aliyeitunza, na sidhani kama ni haki kumwachia yeye peke yake kazi hiyo.

Ikiwa kinachokusumbua ni jina, hilo lina njia yake. Archive of Our Own, hifadhi ya hadithi za mashabiki ambayo ilifunguliwa mwaka 2009 na kupewa tuzo ya Hugo, ya bunilizi za kisayansi, mwaka 2019, inamruhusu mwandishi kuliondoa jina lake kwenye kazi na kuiacha kazi yenyewe ibaki isomwe. Unaweza kuzihamishia huko kisha ukajitenga nazo. Ninakueleza ili ujue kwamba kati ya kufuta na kuona haya pana nafasi, ingawa, kwa maoni yangu, hadithi ya mpagazi haifai ujitenge nayo.

Kuhusu haya yenyewe, nadhani umechanganya vitu viwili ambavyo havifanani, yaani udhaifu wa mkono na ubaya wa jambo. Mkono wako ulikuwa mchanga. Sentensi za Kiingereza zilizojikakamua ziliandikwa na binti wa miaka 22 aliyekuwa akihesabu dakika za intaneti kafe, na mapenzi ya Sapphire na Steel yaliandikwa na mtu aliyekuwa akikisia. Hayo hayahitaji msamaha wala marekebisho. Ukianza kuyasahihisha leo, utampata mwandishi ambaye hana miaka 22 wala 43, na hatapendeza kwa lolote. Ziache jinsi zilivyo, na juu ya ukurasa wa kwanza uandike mwaka.

Kuna haya nyingine ambayo hukuitaja waziwazi, lakini naisikia katika barua yako, ya kwamba mtu mzima ametumia miaka mitatu ya ujana kuendeleza kazi ya wengine. Nimefundisha fasihi ya Kiswahili miaka mingi, na hapo siwezi kunyamaza. Washairi wetu wana bahari iitwayo takhmisi. Mshairi huchukua beti za mwenziwe zenye mishororo miwili miwili, akazihifadhi neno kwa neno, kisha akatunga mishororo mitatu yake mwenyewe na kuitanguliza katika kila ubeti, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano na sauti mbili zikasikika ndani yake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule aliyetunga Al-Inkishafi, alizitungia takhmisi beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na hakuna mwalimu anayesema kwamba alikosa la kutunga. Naye Abunuwasi, ambaye kwa asili ni mshairi aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, amepewa na Waswahili visa ambavyo hakuvifanya, na tunavipenda. Kumpokea mhusika wa mtu mwingine na kumleta nyumbani kwako ni kazi ya zamani katika lugha hii. Hata wenye Sapphire & Steel wenyewe hawakuishia pale dirishani: kati ya mwaka 2005 na 2008, karibu miaka ile ile uliyokuwa ukiandika wewe, ilitolewa michezo mipya ya kusikiliza kwa idhini yao, na wahusika hao wawili wakaigizwa na watu wengine kabisa.

Tofauti iliyopo ni ya sheria, nayo inafaa uijue kwa kuwa wewe ni mhasibu na utaniuliza. Wahusika hao si mali yako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huwezi kuichukua hadithi yenye Sapphire na Steel ukaiuza kama kitabu bila idhini. Mpagazi, kawa na mama anayesubiri ni vyako na vya ukoo wako. Shika mpaka huo, nitaurudia.

Sasa nije kwenye sura ya saba, ambayo kwa kweli ndiyo barua yako nzima. Unasema umeiba msiba wa bibi. Sikubali neno hilo, lakini sitaki pia kukufariji kwa haraka, maana dhamiri yako imegusa kitu cha kweli.

Fikiri kwanza ulichokifanya vizuri. Kila siku watu wa mji huu wanasema wanakwenda Kariakoo kununua viatu, na wengi hawajui kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikipigisha kambi hapo baada ya kuutwaa mji mwezi Septemba 1916. Pale Samora inapokutana na Mtaa wa Maktaba iko Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawakumbuka wapagazi pia, na yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Aliyesimama juu, hata hivyo, ni askari mwenye bunduki, na bunduki hiyo inaelekea bandarini. Mbeba mzigo hana sanamu hapo. Wewe, kwa shilingi 500 kwa saa, ulimsimamisha mbeba mzigo mmoja katikati ya hadithi na kumfanya aulizwe anataka nini. Hizo siku 14 za Novemba 1918 ulizitambua mwenyewe, kwa kuziweka kando ya askari wa Kiingereza aliyekufa baada ya saa ya amani, na sidhani kama ungezitambua bila tamthilia ile ya mjomba. Ninaposema kwamba mhusika wa mgeni anaweza kumfungulia mtu mlango wa nyumba yake mwenyewe, namaanisha jambo kama hili.

Kosa, kama tunalitafuta, liko penginepo. Bibi alikukabidhi habari ile wewe, mjukuu, kwa Kiswahili, juu ya ungo wa mchele. Ukaipeleka mbali, kwa lugha ambayo yeye hakuisoma, kwa watu 12 wasiomjua, nao wakaitunza vizuri. Lakini haikurudi nyumbani. Mama yako, ambaye huyo mpagazi ni babu yake, hajui kwamba mzee wa Uingereza amekaa miaka 20 akiwaza juu ya babu yake. Deni lako liko kwa mama, na kufuta hakulilipi.

Nina jambo jingine la kukuambia, na hapa nazungumza kama mtu aliyesoma kazi nyingi zilizokatika njiani. Unasema uliacha kwa sababu ya kazi na ndoa. Watu huolewa na bado wanamaliza sura tatu. Tazama mahali ulipoachia. Katika barua yako yote hukumtaja mpagazi kwa jina, na bibi, kama ulivyoyaeleza maneno yake, alimwita baba tu. Katika sura ya tisa ulimfanya Sapphire amwulize jina lake, nawe hukuwa na jibu. Mwandishi mwingine angebuni jina lolote na kuendelea. Wewe hukuweza, kwa kuwa ulijua kwamba huyu si wa kubuniwa, na ninaliheshimu jambo hilo kuliko kitu kingine chochote katika hadithi zako 11.

Kwa hiyo usikae kwenye kompyuta kwanza. Nenda Morogoro. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakufikisha huko kwa muda wa saa mbili hivi. Mchukue binti yako, na njiani umpe sura ya saba aisome kabla ya nyingine zote. Za mapenzi atazisoma baadaye akitaka, na hazitamdhuru, ataona tu kwamba mama yake naye aliwahi kuwa na miaka 22. Mkifika, mwambie mama kila kitu kama ulivyoniambia mimi. Msomee sura hiyo kwa Kiswahili, ukitafsiri taratibu, na kama atakasirika, mwache akasirike, kwa kuwa ana haki hiyo. Kisha mwulize babu yake aliitwa nani, mtoto wa nani, wa ukoo gani. Mama ana miaka 74. Kama hajui, pengine iko nyumba Matombo ambamo mzee mmoja bado anaweza kutaja majina ya vizazi hivyo, na mama atajua ni ipi.

Baada ya hapo utakuwa na kazi mbili za kuandika, na nakuomba usizichanganye. Ya kwanza ni sura ya 10, ya 11 na ya 12, kwa Kiingereza, kwa ajili ya mzee yule na wenzake waliobaki. Zile tisa usiziguse. Katika kile kisa cha stesheni, Steel anaikatisha hatari kwa kumtoa mtu asiye na hatia achukuliwe na giza lililokuwa nyuma ya wafu wale, na kila aliyekitazama anakumbuka jinsi inavyochoma. Hadithi yako ina nafasi ya kukataa biashara hiyo. Mpagazi amekwisha kubebeshwa ya wengine, asimalizikie katika mapatano yasiyomhusu. Andika kwa mkono ulio nao leo. Sura hizo tatu hazitafanana na zilizotangulia, nayo miaka 20 itaonekana katikati yake, na msomaji aliyesubiri miaka 20 hatashangaa.

Kazi ya pili ni ya Kiswahili, fupi au ndefu, isiyo na Sapphire wala Steel, juu ya mtoto wa Matombo, baba aliyeondoka, na kawa iliyofunika chakula chake. Hiyo hakuna sheria itakayokuzuia kuitoa. Lakini isitoke nje ya nyumba kabla mama hajaisikia yote.

Mzee wa Uingereza mjibu wiki hii, usimngojeshe hadi umalize, kwa kuwa amesema wazi kwamba umri wake umekwenda. Mweleze kwamba mpagazi alikuwa baba wa bibi yako, na kwamba unakwenda kuulizia jina lake. Hilo tu litamtosha kwa sasa, na pengine litakuwa jambo kubwa kwake kuliko sura zote tatu. Mwombe pia akutumie nakala yake ya sura tisa, maana huenda ina mistari ambayo wewe mwenyewe umeshaipoteza.

Ikitokea kwamba jina halipatikani, si kwa mama wala huko Matombo, usilibuni hata sasa. Sapphire atakapouliza tena katika sura ya 10, mpagazi na ageuke kumtazama mtoto wake mlangoni, na Sapphire ajibiwe na mtoto huyo kwa neno lile lile ambalo bibi alilitumia siku mliyochambua mchele.

Shangazi